Jimbo la Afrika katika Dola ya Kirumi: Miji na Watu Mashuhuri

Mtahiniwa, anza kwa kutofautisha majina. "Afrika" ya Warumi haikuwa bara zima. Lilikuwa jimbo moja la kaskazini, katika eneo ambalo leo ni Tunisia, mashariki mwa Algeria na pwani ya magharibi ya Libya.

Miji

(a) Carthage: Ulijengwa na Wafoinike, ukabomolewa na Warumi mwaka 146 K.K. Baadaye Warumi waliujenga upya, ukawa makao makuu ya jimbo. Bandari yake ilipeleka ngano Roma.

(b) Leptis Magna (Libya): Ulitajirika kwa biashara na mafuta ya zeituni.

(c) Thysdrus (leo El Djem, Tunisia): Ulistawi kwa mafuta ya zeituni. Uwanja wake mkubwa wa michezo, uliojengwa kwa mawe, bado umesimama.

(d) Hippo Regius (leo Annaba, Algeria): Mji wa bandari.

Watu mashuhuri

(a) Septimius Severus: Alizaliwa Leptis Magna mwaka 145 B.K. Alitawala dola nzima kuanzia 193 hadi 211, na aliupamba mji wake kwa majengo makubwa.

(b) Perpetua: Mama kijana aliyeuawa Carthage mwaka 203 kwa kukataa kuikana imani ya Kikristo. Aliacha kumbukumbu za gerezani.

(c) Augustino: Alizaliwa Thagaste mwaka 354. Alikuwa askofu wa Hippo, akafariki mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Jinsi ya kujenga hoja

Usiishie kuorodhesha majina. Onesha uhusiano: kilimo kilileta mali, na mali ilijenga miji na kugharimia elimu. Mfano mzuri ni Augustino. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Tajiri mmoja wa Thagaste alimsaidia kulipia masomo Carthage. Kumbuka pia kwamba mali hiyo ilitokana na jasho la wakulima na watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa.

Kosa la kuepuka

Usiandike kwamba wenyeji wa jimbo walikuwa wapokeaji tu wa utawala wa Roma. Severus alikuwa mzaliwa wa jimbo, naye aliitawala Roma yenyewe.

Swali la kujipima

Eleza kwa hoja tatu jinsi utajiri wa miji ya jimbo la Afrika ulivyochangia kupatikana kwa watu mashuhuri.