Hifadhi, Nakala au Akiba? Istilahi za Kulinda Data za Kompyuta

Miongoni mwa dhana za kompyuta zinazowataabisha wafasiri, mojawapo ni ile ya kutengeneza nakala ya data na kuiweka mahali pengine, ili data za awali zikipotea, zikiharibika au zikiibwa, kazi iweze kurudishwa kama ilivyokuwa. Kiingereza huieleza dhana hiyo kwa neno moja fupi, ambalo asili yake ni kumwunga mtu mkono akiwa mbele nawe ukiwa nyuma yake. Katika Kiswahili yanatumika maneno yasiyopungua matatu: hifadhi, nakala rudufu na chelezo. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo, si kwa uzuri wa sauti zake, bali kwa swali moja: je, karani au mwalimu akilisoma neno hilo katika mwongozo wa kazi, atafanya lile lipasalo kufanywa?

Tuanze na "hifadhi", kwa kuwa ndilo lenye madhara zaidi. Neno hili limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Huhifadhiwa wanyama wa Serengeti. Huhifadhiwa nyaraka za taifa. Na katika kompyuta, kitendo cha kuandika kazi kwenye diski ili isipotee mashine izimwapo nacho huitwa kuhifadhi. Sasa tazama agizo hili: "Hifadhi data zote kila Ijumaa." Mhasibu mwaminifu atabonyeza kitufe cha kuhifadhi, kazi itaandikwa kwenye diski ileile iliyomo ndani ya kompyuta ileile, naye atafunga ofisi akiamini kuwa ametimiza wajibu. Mwizi akija usiku akaichukua kompyuta, ameondoka na daftari pamoja na hicho kilichodhaniwa kuwa kinga yake. Hapo karani hana kosa. Agizo lilimwambia afanye hivyo hivyo.

"Nakala rudufu" ni bora kidogo, kwani angalau husema kwamba kipo kitu cha pili. Hata hivyo, walimu wanalijua vyema neno kurudufu: ndiyo kazi ya ile mashine ya kutolea karatasi za mitihani. Nakala zirudufuliwazo zote ni sawa, hutoka pamoja, na hugawiwa zitumike mara moja. Hakuna katika neno hilo kinachodokeza kuweka kando, mbali na ya kwanza, pasipo kuguswa. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo, maana wingi wa nakala peke yake si kinga.

Ushahidi mzuri ni yaliyoipata kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iitwayo NotPetya, iliyoanza kuenea kutoka Ukraine, iliingia katika mitandao ya kampuni hiyo. Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 za kutunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, zikiwa zimetapakaa duniani na kulandanishwa, yaani kila badiliko katika moja hupelekwa kwa nyingine. Kwa kuhesabu tu, hizo zilikuwa nakala 150. Lakini maadamu zote ziliunganishwa, zote zilifutwa kwa pamoja. Isipokuwa moja tu, iliyokuwa Ghana, ambayo saa hiyo haikuwamo mtandaoni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. (Wasomaji waliozoea kulalamikia kukatika kwa umeme watasamehewa wakitabasamu.) Mawasiliano ya huko hayakutosha kupitisha data zote kwa haraka, hivyo diski ikabebwa kwa mkono, kwa ndege, kupitia Nigeria hadi Uingereza. Mwenyekiti wa kampuni alieleza Januari 2018 kuwa iliwabidi kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi.

Seva ya Ghana iliokoa kazi kwa sababu ilikuwa imetengwa na zile nyingine. Kwa hiyo mfasiri hana ruhusa ya kuchanganya "ulandanishi" na dhana tunayoizungumzia. Mwenye simu ambaye picha zake zinalandanishwa na seva ya mbali, akiifuta picha simuni, aghalabu huifuta na kule.

Neno la tatu, "chelezo", limetumiwa katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa. Kwa mabaharia chelezo ni boya, kitu kieleacho juu ya maji. Picha hiyo inapendeza, lakini mtu wa Dodoma au Kigoma asiyelijua boya kwa jina hilo hatapata chochote ndani yake, na hata wa Pemba atauliza ni kitu gani kilichozama.

Pendekezo letu ni "nakala ya akiba", na kwa kitenzi, "kuweka nakala ya akiba". Mkulima atengaye mbegu ya akiba haili, wala haichanganyi na nafaka ya chakula. Akiba hutengwa, tena kwa ajili ya siku ya shida. Sifa hizo mbili ndizo zilizokosekana katika maneno yaliyotangulia. Kanuni inayojulikana sana, aliyoieneza mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ya kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, husomeka bila taabu: nakala moja ya kazi na mbili za akiba.

Lipo pingamizi moja la haki. Methali husema akiba haiozi, ilhali akiba ya kompyuta huoza. Diski huchakaa, na flashi iliyoachwa mtotoni miaka mingi yaweza kupoteza yaliyomo. Januari 2017 kampuni ya GitLab, baada ya mtumishi kufuta data kwa bahati mbaya, iligundua kuwa njia kadhaa ilizozitegemea za kuweka akiba hazikuwa zikifanya kazi. Ikapoteza data za muda wa saa 6 hivi. Kwa sababu hiyo istilahi yetu isisafiri peke yake. Iandamane na "urejeshaji", yaani kuzitoa data katika akiba na kuzirudisha kazini, na mwongozo utaje pia "jaribio la urejeshaji" pamoja na tarehe yake. Tunapendelea "rejesha" kuliko "rudisha".

Kuhusu "usimbaji fiche", yaani kuzigeuza data zisisomeke pasipo ufunguo, hatuna ugomvi nalo. Mfasiri akumbuke tu kuongeza kwamba ufunguo wenyewe usiwekwe katika diski ileile yenye nakala ya akiba.