Diski ya Breki na Ukubwa Wake

Mpanda baiskeli anayeteremka kilima hubana breki ili apunguze mwendo. Vipande viwili vya mpira hubana ukingo wa gurudumu, kimoja kila upande, nalo gurudumu huanza kuzunguka polepole. Ukivigusa vipande hivyo baada ya mteremko mrefu, utaona kwamba vina joto. Je, joto hilo limetoka wapi?

Tulikwisha kujifunza kwamba vitu viwili vikisuguana huleta joto. Tulijifunza pia kwamba nishati haipotei, bali hugeuka kutoka namna moja kuwa namna nyingine. Kazi ya breki ni kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Katika somo hili tutatazama breki za gari jepesi. Tutaona kwa nini mafundi wengine huzibadili diski zake na kuweka kubwa zaidi, na hatari inayoweza kutokea wasipopima kwanza.

Breki ya diski

Diski ni bamba la chuma la mviringo, mfano wa sahani. Imefungwa kwenye gurudumu na huzunguka pamoja nalo. Kando yake kuna kifaa kinachoibana kama koleo. Ndani ya koleo hilo mna pedi mbili, moja kila upande wa diski. Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki yaliyomo katika mabomba membamba huzisukuma pedi, nazo huibana diski. Msuguano huo hupunguza mwendo wa gurudumu.

Mwingereza Frederick Lanchester alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya breki ya diski mwaka 1902. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za namna hiyo lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Baadaye breki hizo zilienea katika magari ya kawaida.

Gari la kuungwa nyumbani

Nchini Uingereza mtu anaweza kununua gari likiwa vipande vipande, kisha akaliunga mwenyewe. Mfano mmoja ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957. Tangu mwaka 1973 kampuni ya Caterham imeendelea kutengeneza magari ya namna hiyo. Ni magari madogo ya watu wawili, na mengi yana uzito wa kilo 500 hadi 600 hivi. Gari la kawaida la familia huweza kuwa na uzito mara mbili ya huo.

Baadhi ya wenye magari hayo huyashindanisha. Mtu akiisha kuweka injini yenye nguvu zaidi, hujiuliza: Je, niweke na diski kubwa zaidi? Ili tumjibu, tufanye jaribio.

Jaribio: Kusukuma mlango

1. Fungua mlango nusu. Angalia mtu yeyote asibanwe vidole.
2. Usukume kwa kidole kimoja karibu na bawaba.
3. Sasa usukume kwa kidole hichohicho mbali na bawaba, karibu na kitasa.

Umeona nini? Karibu na bawaba mlango ni mzito. Karibu na kitasa ni mwepesi. Nguvu ileile hugeuza kitu kwa urahisi zaidi ikitumika mbali na egemeo.

Diski hufuata kanuni hiyohiyo. Katikati ya gurudumu ni kama bawaba, na pedi ni kama kidole. Tuseme pedi huibana diski sentimita 10 kutoka katikati. Fundi akiweka diski kubwa, pedi zikabana sentimita 12 kutoka katikati, uwezo wa kulizuia gurudumu huongezeka kwa moja ya tano, ingawa dereva amekanyaga kwa nguvu ileile.

Diski kubwa na joto

Diski kubwa ina chuma kingi zaidi, na eneo lake linalopigwa na upepo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo hupokea joto jingi bila kuwa moto kupita kiasi, kisha hupoa upesi. Jambo hili ni muhimu sana. Gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa lina nishati ya mwendo mara nne ya ile linayokuwa nayo likienda kilometa 50 kwa saa, wala si mara mbili. Nishati hiyo yote inapaswa kuondolewa ili gari lisimame.

Pedi zikipata moto kupita kiasi, msuguano hupungua. Mafuta ya breki yakichemka, hufanya mapovu, na dereva hukanyaga breki zisishike. Ndiyo sababu dereva wa lori anayeteremka Mlima Kitonga, mkoani Iringa, hutumia gia ya chini, ili injini isaidie kuzuia mwendo na breki zisipate moto mno.

Je, diski kubwa husimamisha gari mapema zaidi?

Wengi hudhani hivyo. Lakini fikiri: ni kitu gani kinachoshika barabara? Si diski, bali ni tairi. Kama breki za kwanza ziliweza kulizuia gurudumu kabisa hata likaserereka, diski kubwa haitalisimamisha gari mapema zaidi katika barabara ileile. Msuguano kati ya tairi na barabara ndio uwekao kikomo.

Tena, gari la kilo 550 lina nusu ya nishati ya mwendo ya gari la kilo 1,100 lenye kasi ileile. Joto la kuondolewa nalo ni nusu. Diski kubwa mno huongeza uzito wa magurudumu bure, nayo magurudumu mazito hurukaruka zaidi katika mashimo.

Kuna hatari nyingine. Basi linapofunga breki, abiria huinamia mbele. Vivyo hivyo uzito wa gari huelemea magurudumu ya mbele, na yale ya nyuma hushika barabara kwa udhaifu. Magurudumu ya mbele yakiserereka, usukani hauligeuzi gari. Ya nyuma yakitangulia kuserereka, gari huweza kugeuka nyuma mbele. Kwa hiyo fundi akiongeza nguvu ya breki za nyuma bila kupima, huhatarisha maisha.

Fundi mwangalifu hufanya hivi:

1. Hupima kama diski na koleo vitaenea ndani ya gurudumu.
2. Husogeza koleo nje na kulifunga kwa kipande cha chuma imara.
3. Huweka diski zilizo sawa kushoto na kulia.
4. Hupatanisha nguvu ya breki za mbele na za nyuma.
5. Hulijaribu gari polepole mahali pasipo watu, kabla ya kuongeza mwendo.

Jambo la kukumbuka

Hakuna diski, hata iwe kubwa namna gani, iwezayo kulisimamisha gari papo hapo. Barabara ikiwa na maji au mchanga, gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Unapotaka kuvuka barabara, ngoja gari lipite au lisimame kabisa.

Maswali

1. Breki hugeuza nishati ya mwendo kuwa nini?
2. Kwa nini kitasa huwekwa mbali na bawaba?
3. Taja faida mbili za diski kubwa.
4. Gari moja lina breki zenye nguvu, lakini matairi yake yamelika. Je, litasimama upesi? Eleza.