Kompyuta ya Kurekebishia Rangi za Video (2): Kadi ya Grafiki

Juma lililopita tulimaliza prosesa na diski. Leo ni zamu ya kadi ya grafiki, kifaa kinachomeza fedha nyingi kuliko vyote na ambacho wahariri wengi hukinunua kwa kufuata jina.

Mfano wetu ni DaVinci Resolve, programu ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Karibu kazi yote ya rangi huifanyia kwenye kadi ya grafiki, tena kwa namba za biti 32. Tupige hesabu kidogo. Fremu moja ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina pikseli zaidi ya milioni 8. Kila pikseli ikibeba chaneli nne za baiti nne nne, fremu hiyo peke yake inakalia takriban megabaiti 133 za memori ya kadi. Sasa washa kichujio cha kuondoa chenga kwa picha uliyopiga usiku. Kichujio hicho hulinganisha fremu na zile za kabla na za baada yake, kwa hiyo zote zinapaswa kuwamo kwa pamoja. Hapo ndipo linapojitokeza onyo kwamba memori imejaa, na mteja kakaa nyuma yako anatazama saa.

Ndiyo maana dukani mimi huuliza gigabaiti kabla ya kuuliza toleo. RTX 3060 ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa na gigabaiti 12. Mdogo wake wa 2023, RTX 4060, ana 8. Kwenye michezo mdogo ana mbio zaidi. Kwa kazi ya rangi ya 4K, mimi namchukua mkubwa, na mwenye uwezo aanzie 16. Kuunganisha kadi mbili za 8 hakukupi 16, kwa sababu kila kadi hubeba nakala yake ya fremu. Isitoshe, kwenye Windows toleo la bure la Resolve hutumia kadi moja tu.

Jambo la pili husahauliwa kabisa: kamera yako inarekodi nini? Kamera nyingi za sasa hutoa H.265 ya 4:2:2, biti 10. Kadi za NVIDIA kabla ya mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025 hazifungui aina hiyo, hata RTX 4090 yenyewe inayokula wati 450. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zinaweza, mradi ziwe na grafiki ya ndani. Zile zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina. Kwa mwenye kamera ya namna hiyo, prosesa ya bei ya wastani huokoa fedha ambazo zingeishia kwenye kadi.

Kuhusu kadi za mtumba: sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana ziliingia sokoni. Zipo nzima na zipo zilizochoka, na zipo pia za bandia zilizobandikwa jina la nyingine. Usitoe hela kabla muuzaji hajaichomeka kadi kwenye kompyuta mbele yako, akafungua programu ya GPU-Z ukasoma memori yake, kisha akaiacha ifanye kazi nzito kwa nusu saa. Akikataa, nenda duka la pili.