Bibi Aliyesoma Madoa ya Mahindi

Wakulima wengi wamekwisha kuona hindi lenye punje za madoadoa, wakalitupa gunialani pamoja na mengine. Bibi Barbara McClintock wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902, aliyatafuta madoa hayo kusudi. Katika shamba dogo huko Cold Spring Harbor, jimbo la New York, aligundua kwamba baadhi ya chembe za urithi hazitulii mahali pamoja. Chembe ikihamia penye asili ya rangi, rangi huzimika; ikiondoka, rangi hurudi, na punje hutoka madoa.

Mwaka 1951 aliwaeleza wataalamu wenzake, nao wengi hawakumwelewa. Baada ya 1953 alipunguza sana kuyaandika hayo magazetini mwa wataalamu; kupanda hakuacha. Ajabu ni kwamba wengine walipoziona chembe kama hizo katika bakteria, miaka ya 1960, maelezo yalikuwa yamekwisha chapwa zamani. Mwaka 1983, akiwa na miaka 81, alipewa tuzo ya Nobel ya utabibu, peke yake. Alifariki mwaka 1992. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba zaidi ya sehemu nane katika kumi za urithi wa mahindi ni chembe za namna hiyo.