Kutembea Chini ya Miti: Dawa Isiyo na Bei



Katika miji yetu ya migodi, watu wengi wanatembea kila siku: kwenda kazini, sokoni, masomoni. Basi mutu anaweza kuuliza: "Miye natembea tangu asubuhi, nitembee tena juu ya nini?" Ulizo hilo ni zuri. Jibu ni hili: miguu inaleta faida, lakini njia unayopita nayo iko na kazi yake.

Tuanze na miguu. Ukitembea mbiyo kidogo, moyo unazoea kazi na unapata nguvu. Misuli inatumia sukari ya damu, na tansiyo inashuka pole pole. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri watu wakubwa watembee, ao wafanye kazi nyingine ya mwili, dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Watoto wa miaka 5 mpaka 17 wanahitaji dakika 60 kila siku.

Sasa tuone miti. Mwaka 2019, utafiti juu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza ulitangazwa. Wale waliopitisha dakika 120 ao zaidi kwa juma mahali pa miti na majani walisema kwa wingi kama wako na afya njema na moyo mutulivu, kuliko wale wasiofika huko hata kidogo.

Lakini kwetu kuko vumbi. Mwaka 2009, wanasayansi wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kama watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mukojo, zaidi sana watoto. Na mutu anayetembea mbiyo anavuta hewa nyingi. Kwa hiyo dakika 30 pembeni ya barabara ya makamiyo si sawa na dakika 30 chini ya miombo.

Fanyeni hivi:

– Angalieni upepo. Musipite kule unakopeleka moshi na vumbi, zaidi wakati wa kiangazi.

– Tokeni asubuhi mapema, mbele ya jua kali, jamaa nzima pamoja.

– Musikaribie mashimo ya zamani. Wakati wa mvua udongo unaporomoka.

– Musichume uyoga ao mboga karibu na kiwanda.

– Mukirudi, munawe mikono mbele ya kula.

– Mugonjwa wa moyo aulize munganga kwanza.

Wengine watasema: "Pori iko mbali, miti yote imekuwa makala." Ni kweli, karibu na miji mikubwa musitu umerudi nyuma sana. Basi kila jamaa ipande hata muembe moja mbele ya nyumba, na vijana wapande mistari ya miti kwenye njia ya masomo. Watoto wetu nao watafute kivuli, wakipate karibu.