Maziwa Si Dawa ya Sumu: Jibu kwa Wanaoichukia Kemia

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, maabara na udaktari hapa Lubumbashi huniuliza lile lile: "Prof, iyi kemia itatusaidia nini ku lopitalo?" Wanauliza kwa adabu, ila nyuso zinaonyesha wameshajijibu: kemia ni ya watu wa Gécamines, kampuni ya madini, wao wamekuja kujifunza kuchoma sindano. Siku hizi swali hilo silijibu. Huwauliza langu. Usiku wa Juni, baridi kali, jirani amelala na mbabula, jiko la makaa, chumbani, madirisha yamefungwa. Mnamkuta amelegea, hasemi. Mtampa nini? Sauti za kwanza darasani husema: maziwa.

Basi jibu lao wamejipa wenyewe. Anayetaka kuvaa koti jeupe huku akiamini kwamba maziwa huondoa sumu ya makaa, anaihitaji kemia kabla ya koti.

Tuangalie njia. Maziwa hushuka tumboni. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha, hupita mapafuni, huingia kwenye damu na kuishika hemoglobini palepale kwenye chuma ambapo oksijeni ingekaa. Huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Maziwa na gesi hiyo hayakutani popote. Kinachoiondoa ni oksijeni yenyewe, ikiletwa kwa wingi hadi ishinde. Wanafunzi wangu huiruka sura ya msawazo wa kikemia kwa kuiona ya wahandisi, kumbe tiba yote ya mgonjwa huyu imo humo. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka kwa saa 4 hadi 5 hivi. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, nusu hiyo hutoka kwa takriban saa moja na nusu.

"Lakini Prof, mjomba alikunywa maziwa akapona." Mjomba alipona kwa sababu mlango ulifunguliwa akaburutwa nje. Hewa ilifanya kazi, maziwa yakapewa sifa. Tena yeye aliweza kumeza. Ukimmiminia maziwa mtu asiye na fahamu, yanaingia mapafuni, na sasa una wagonjwa wawili ndani ya mwili mmoja.

Hospitalini nako kuna mtego. Kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni husoma jinsi damu inavyonyonya mwanga, na hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi huiona kama iliyobeba oksijeni. Kitaandika 98 huku ubongo wa mgonjwa unakosa hewa. Muuguzi aliyekariri kwamba juu ya 95 ni salama atamrudisha nyumbani. Aliyeelewa kifaa kinapima nini atauliza kwanza: alilala na mbabula?

Imani hii ya maziwa ina makao mengine, migodini. Wapo wanaume wa Katanga wanaoshinda kwenye vumbi la kobalti, jioni wakanywa maziwa "kuosha kifua", kisha wakarudi kesho yake bila barakoa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha viwango vikubwa mno vya kobalti na metali nyingine kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Mwaka 2020 ukatoka utafiti uliofanyika hapa hapa Lubumbashi: watoto ambao baba zao walifanya kazi za madini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za maumbile. Vumbi lililotua mapafuni halisubiri glasi ya jioni.

Wabishi huniletea kemia nusu: protini za maziwa hushika metali, na kalisi hushindana na risasi. Ni kweli, ndani ya utumbo. Mtoto anayekula vizuri, mwenye kalisi na chuma cha kutosha, hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Hayo ni mambo ya lishe ya kila siku. Kwa sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu maziwa hayafai kitu, na kwa sumu nyingine yanadhuru. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa akilazimishwa maziwa au mawese atatapika, mafuta ya taa yatapenya mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Aliyekunywa dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfati, fosfati hiyo imeng'ang'ania kimeng'enya cha neva; anahitaji atropini, na kila dakika mnayopoteza mkitafuta maziwa dukani inamkata pumzi. Asidi ya salfuriki, ambayo malori huipitisha kila siku barabara za Haut-Katanga kupeleka viwandani, ikimwagika mwilini watu hukimbilia maziwa au besi ya kuivunja nguvu. Maziwa yanakuchelewesha kumwagia maji; asidi ikikutana na besi hutoa joto. Unamchoma aliyekwisha kuchomwa.

Sasa la kufanya, upesi. Moshi wa makaa: fungua mlango, mtoe nje, mpeleke hospitali apewe oksijeni ya barakoa hata kama kifaa cha kidoleni kinaonyesha namba nzuri, mjamzito ndiye wa kwanza. Asidi: vua nguo, mwagia maji mengi ya bomba dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe kitu mdomoni. Dawa ya wadudu: mvue nguo, mwoshe, beba chupa yenye lebo uende nayo hospitali. Javeli, dawa ya klorini ya usafi: ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, hupata asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu ya wodi. Usiichanganye na asidi ya choo, hutoa gesi ya klorini. Mbabula: nje, daima.

Kwa wanafunzi, hasa mliotoka sekondari sehemu ya ualimu au ya fasihi: msinunue silabasi ya kukariri tu. Shikeni sura hizi: viwango vya michanganyiko, asidi na besi, gesi, msawazo, protini na vimeng'enya, utando wa seli. Fanyeni hesabu za kuzimua kwa kalamu mpaka mkono uzoee, maana siku moja mtazifanya usiku, peke yenu, mkiwa na chupa ya potasiamu mkononi. Na potasiamu isiyozimuliwa ikisukumwa mshipani husimamisha moyo. Asiyetaka kemia atafute kazi nyingine, zipo nyingi ambazo kosa la hesabu halimpeleki mtu kaburini.