Nafasi Imepatikana, Basi Hakuna

Kila mwaka, baada ya barua za kukubaliwa kutoka na kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa nane, jumuiya yetu ya wanaozungumza Kiswahili hapa Louisville, Kentucky, huuliza swali lile lile: mtoto amepata nafasi shule ya kati ya Meyzeek, au ya Noe, au ile ya sanaa ya Western, mbona hapangiwi basi? Wengi hugundua wakiwa wamechelewa, wakati nafasi ya shule ya jirani wameshaiacha na mtoto ameshawaambia wenzake anakwenda wapi. Wanaowajibu mara nyingi huwalaumu kwamba hawakusoma barua vizuri. Lawama hiyo ndiyo ninayoikataa, kwa sababu kilichoharibika hapa kimeanzia ofisini na si nyumbani kwa mzazi. Shule ya kati ya magneti, yaani yenye programu maalumu ya kuwavuta watoto wa mitaa mbalimbali, ikikosa usafiri imepoteza sababu ya kuwapo kwake, na wilaya inayotangaza nafasi hizo kwa kila mtoto wa kaunti ya Jefferson, huku ikiwaachia wenye gari na muda, inatoa ahadi ambayo haiwezi kuitimiza kwa familia kama zetu.

Tukumbuke shule hizi zilitoka wapi. Ya kwanza nchini Marekani ilifunguliwa mwaka 1968 katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, na lengo lake lilikuwa kuwavuta wazazi Weupe na Weusi wawapeleke watoto shule moja kwa hiari, bila amri ya mahakama. Louisville ilianza kwa amri. Mwaka 1975 shule za mji na za kaunti ziliunganishwa kuwa wilaya moja, na jaji wa mahakama ya shirikisho akaagiza watoto wachanganywe kwa mabasi. Kulikuwa na ghasia mitaani, na mzigo wa safari ndefu ukawaangukia zaidi watoto Weusi wa mitaa ya magharibi. Miaka iliyofuata wilaya ilipunguza amri na kuongeza uchaguzi, na programu za magneti zikawa nguzo mojawapo ya mfumo huo mpya. Hata baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 2007, katika kesi iliyoihusu wilaya hii hii pamoja na ya Seattle, kwamba mtoto asipangiwe shule kwa kigezo cha rangi yake, magneti zilibaki kuwa njia halali ya kumtoa mtoto katika mtaa wake kwenda kusoma na wa mtaa mwingine. Kuvuka mitaa ndiyo kazi yake, na mtoto wa miaka kumi na mmoja havuki mji peke yake. Basi lilikuwa sehemu ya programu yenyewe tangu mwanzo, na hakuna aliyelihesabu kuwa huduma ya nyongeza.

Kisha ikaja tarehe 9 Agosti 2023. Wilaya ilikuwa na upungufu mkubwa wa madereva, ikapanga upya njia za mabasi kwa msaada wa programu ya kompyuta na kubadilisha saa za kuanza masomo, na siku hiyo ya kwanza watoto wengine walifika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa kwa siku kadhaa ili mipango irekebishwe. Mwezi wa nne mwaka 2024 bodi ya elimu ikapiga kura kuondoa mabasi kwa wanafunzi wa shule za magneti na zile zinazoitwa za kimapokeo, kuanzia mwaka wa shule uliofuata. Maelfu ya watoto waliguswa. Tangu hapo usafiri wa shule hizi umekuwa jambo la kuuliza upya kila msimu, shule kwa shule, na usidhani kwamba alichopata jirani yako mwaka juzi ndicho utakachopata wewe.

Hapa ndipo watu wetu wanaponasa, na ningependa wasomaji wakae hapa kwa muda. Maombi ya magneti hufunguliwa majira ya vuli, miezi mingi kabla ya mtoto kuanza darasa la sita. Uamuzi wa mabasi hutegemea bajeti na idadi ya madereva, mambo ambayo hujulikana baadaye sana. Kwa hiyo mzazi huchagua shule kwanza na kujua masharti ya usafiri baadaye. Mfumo wa bahati nasibu unaogawa nafasi hautazami kama una gari. Barua ya kukubaliwa huja na pongezi juu na maelezo ya usafiri chini, kwa lugha ya kiofisi inayosema kwamba huduma inaweza kutokuwapo. Ofisa anayeandika «inaweza kutokuwapo» anajua anamaanisha nini. Mama aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mitatu iliyopita anasoma kwamba inaweza pia kuwapo, na ana haki kabisa ya kuisoma hivyo. Kama wilaya inajua hakuna basi, iandike hakuna basi, juu ya ukurasa, kabla ya mstari wa kutia saini. Hilo halihitaji dereva hata mmoja.

Ongezeni suala la lugha. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi na familia za wanafunzi wa wilaya hii baada ya Kiingereza na Kihispania, kwa sababu ya wakimbizi wa Kongo waliopokelewa Kentucky kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wizara za elimu na sheria za Marekani ziliziandikia wilaya zote barua iliyoeleza kwamba mzazi asiyejua Kiingereza vizuri lazima apewe habari katika lugha anayoielewa, na barua hiyo ilizitaja shule za magneti na programu nyingine za kuchagua kwa jina. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho iliiondoa barua hiyo, na wapo waliokwisha kuambiwa kwenye kaunta kwamba mkalimani si haki tena. Wasikubali. Barua ilikuwa ufafanuzi tu; Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya usawa katika elimu ya 1974 hazijafutwa. Ombeni mkalimani, ombeni kwa maandishi, na msimtumie mtoto. Sababu moja ni kwamba hajui istilahi. Nyingine, ambayo haitajwi sana, ni kwamba mtoto anayeitamani shule ile kwa moyo wote hawezi kuwa ndiye anayemsomea mama yake masharti ya shule hiyo.

Wanaoutetea uamuzi wa bodi wana hoja, nami nitazijibu kwa haki. Wanasema madereva hawapo, na mtoto wa shule ya jirani asikose basi kwa ajili ya aliyechagua kwenda mbali. Upungufu ni wa kweli. Hata wapinzani wakali hawaukanushi, na usiku ule wa Agosti ulionyesha kwamba kumlazimisha dereva mmoja afanye kazi ya wawili kunawaumiza watoto wote. Lakini upungufu unaeleza kwa nini kitu kipunguzwe. Hauelezi kwa nini wapunguziwe hawa, wote kwa pamoja, mwenye magari mawili na asiye na hata moja. Wilaya inayajua majina ya watoto wanaostahili chakula cha bure. Inaweza kuanza na hao. Inaweza kuweka vituo vichache vikubwa, kwenye shule za msingi au vituo vya jamii, watoto wakakusanyika hapo badala ya basi kupita kila kona. Hata fedha za shirikisho za kusaidia shule za magneti, ambazo zamani zilikatazwa kutumika kwa usafiri, ziliruhusiwa na sheria ya elimu ya mwaka 2015 kulipia sehemu ya usafiri, kwa sharti kwamba usile sehemu kubwa ya ruzuku na wilaya iweze kuendelea nao ruzuku ikiisha. Kati ya kumpa basi kila mtoto na kumnyima kila mtoto kuna hatua nyingi, na mzazi ana haki ya kuuliza zilipimwa lini na nani.

Hoja ya pili ni kwamba magneti ni hiari: asiyeweza kumfikisha mtoto ana shule ya eneo lake, nayo ina basi. Hii husikika sana, hata miongoni mwetu, na huonekana ya busara mpaka uangalie nani anaishi wapi. Mtoto aliyezaliwa karibu na shule yenye maabara nzuri na kozi za juu za hesabu anaipata kwa anwani yake. Aliyepangishiwa nyumba na shirika la wakimbizi, kwenye mtaa ambao familia haikuuchagua, anapata iliyopo. Kwake yeye magneti ndiyo mlango pekee wa kufika kwenye programu ambayo mwenzake anaipata kwa kutembea. Ukiondoa basi, orodha ya shule haipungui kwenye karatasi, ila wanaoweza kuitumia hupungua, na wanaobaki ni wale wale ambao programu hizi hazikuanzishwa kwa ajili yao hasa. Sisemi shule za jirani ni mbaya. Zipo zenye walimu hodari, na mtoto anaweza kufika mbali akitokea huko. Nasema tu kwamba hiari ya mtu mmoja isitegemee gari wakati ya mwingine haitegemei kitu.

Hoja ya tatu inatoka ndani ya jumuiya, na ina uzito kwangu kuliko zile mbili: tusaidiane wenyewe, tupeane lifti, ndivyo tulivyolelewa. Tusaidiane, ndiyo. Lakini tuangalie kazi zetu. Mji huu una kituo kikubwa cha ndege cha kampuni ya UPS ambacho kazi yake nzito ni ya usiku, una maghala, una viwanda. Baba anayetoka shifti alfajiri na mama anayeingia asubuhi wanagawana gari moja, na katikati ya zamu hizo mtoto anapaswa kuwa shuleni kabla ya kengele. Mipango ya lifti huanza vizuri Agosti, na inavunjika mtu mmoja anapobadilishiwa zamu. Mwanafunzi wa shule ya msingi mara nyingi ana shule karibu, wa sekondari anaweza kupanda basi la mji akiwa na wenzake. Wa shule ya kati yupo katikati, na kuchelewa kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa utoro. Anayechelewa mara kwa mara huikosa hasa saa ya kwanza, ambayo kwa wengine ni ile hesabu waliyoifuata huko. Tena msimpakie mtoto wa mwenzenu bila makubaliano ya wazi juu ya bima na nani anampokea jioni. Ajali moja inaweza kuvunja undugu wa miaka.

Kwa hiyo, wazazi wenye mtoto wa darasa la tano, ulizeni basi kabla ya kuuliza masomo. Swali liwe moja na lisiache mwanya: mwaka huu wa shule, kutoka anwani hii hadi shule hii, mtoto wangu atakuwa na basi la wilaya asubuhi na alasiri, na kituo ni kipi? Likiulizwa kwa simu, liulizwe tena kwa barua pepe ili jibu libaki. «Bado hatujajua» ni jibu pia, na linapaswa kuwafanya mpange kana kwamba basi halipo. Msiandike shule kwenye fomu kwa sababu ya sifa tu, maana ukipata nafasi bila njia ya kufika, umekwisha kuingia kwenye shida. Mkiwa tayari mmenasa katikati ya mwaka, kila mtoto ana shule ya eneo anapoishi, na kurudi huko si aibu. Fanyeni uhamisho rasmi kwanza, msimwache mtoto nyumbani wiki mbili mkisubiri, kwa sababu siku hizo zitahesabiwa.

Wapo pia ambao sheria ya shirikisho inawalinda, na hawaambiwi. Mtoto mwenye ulemavu ambaye mpango wake wa elimu maalumu umeandika usafiri kama huduma anayoihitaji, lazima apewe usafiri huo. Kama haukuandikwa, ombeni kikao ujadiliwe, na msitie saini mpango siku hiyo hiyo ikiwa hamjaridhika. Familia iliyopoteza nyumba na sasa inaishi kwa ndugu kwa sababu ya shida ya fedha inaweza kuhesabiwa kuwa haina makazi chini ya sheria ya McKinney-Vento, hata kama wenyewe wangeona haya kujiita hivyo. Mtoto wao ana haki ya kubaki kwenye shule aliyokuwa akisoma, ikiwemo ya magneti, na ya kusafirishwa hadi huko mzazi akiomba. Kila wilaya lazima iwe na ofisa wa kushughulikia hili. Mtafuteni kwa kumtaja kuwa ofisa wa McKinney-Vento, kwa sababu mpokea simu wa shule huenda hajui kwamba yupo.

Na bodi ya elimu hukutana hadharani, mwananchi akijiandikisha hupewa dakika chache za kusema. Wakati wa kwenda ni majira ya baridi na ya kuchipua, bajeti inapojadiliwa, kabla ya njia za mabasi kuchorwa. Agosti watu huenda kulalamika na hakuna tena cha kubadilisha. Nendeni na mkalimani mliyemwomba mapema, na ombi liwe dogo na la wazi: basi la vituo vichache kwa watoto wa shule za kati za magneti wanaostahili chakula cha bure, na taarifa ya usafiri iandikwe kwa Kiswahili juu ya ukurasa wa kwanza wa barua ya kukubaliwa.